UZI: Mtoto mkubwa wa Wong Kim Ark alirudishwa China mwaka 1910, wadogo zake watatu wakapokelewa. Kwa nini?

#1 Baba Neema

Salaam wadau.

Tangu mjadala wa uraia wa kuzaliwa ulipowaka upya Marekani Januari 2025, kuna swali linanikera na sijapata wa kunijibu.

Kwa wasiomjua Wong Kim Ark: alikuwa mpishi, mzaliwa wa San Francisco mwaka 1873, wazazi wake Wachina waliokuwa na duka mtaa wa Sacramento. Wazazi walirudi kwao, yeye akabaki. Mwisho wa 1894 akaenda kuwatembelea, na aliporudi Agosti 1895 akazuiwa kushuka melini. Aliambiwa si raia, ni Mchina, na tangu 1882 kibarua wa Kichina haruhusiwi kuingia. Akakaa miezi kama mitano akihamishwa meli hadi meli pale bandarini huku mawakili waliolipiwa na vyama vya Wachina wa mjini wakipambana. Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 2, ikaamua kwamba aliyezaliwa ndani ya Marekani ni raia hata kama wazazi wake wamekatazwa kuwa raia.

Binti yangu amezaliwa Minneapolis, mimi nikiwa na viza ya masomo. Uraia wake umesimama juu ya kesi ya huyo mpishi. Ndiyo maana nimemfuatilia yeye na kizazi chake.

Sasa swali. Wong alioa huko kwao Taishan, mkoa wa Guangdong, akawa na wana wanne. Wa kwanza alikuja 1910. Maofisa wakamhoji yeye, wakamhoji baba, wakasema majibu hayalingani, hawaamini kuwa ni mwanawe. Akarudishwa. Wadogo zake watatu wakaja kati ya 1924 na 1926, wote wakapita. Baba ni yuleyule, kijiji ni kilekile, na miaka ya 1920 chuki dhidi ya Waasia haikuwa imepungua hata kidogo. Imekuwaje?

#2 Kasuku wa Kinondoni

Nimeshakaa siti ya mbele. Wajuzi waje.

#3 Shangazi Rehema

Jibu unalo mwenyewe Baba Neema. Ubaguzi. Mahakama ilishasema 1898 kwamba hawa ni raia, maofisa wakaipuuza hukumu, basi. Hawa wadogo walibahatika kukutana na ofisa mwenye roho nzuri. Tusitafute hesabu ngumu mahali ambapo hakuna.

#4 Wakili wa Sekei

Shangazi Rehema aliandika:
> *Mahakama ilishasema 1898 kwamba hawa ni raia, maofisa wakaipuuza hukumu*

Shikamoo Shangazi. Ubaguzi ulikuwepo, hilo sibishi, lakini hukumu ya 1898 haikumgusa huyu mtoto. Hukumu ile inamhusu aliyezaliwa ndani ya Marekani, kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868. Mtoto alizaliwa China. Uraia wake ulitoka kwenye sheria nyingine kabisa, ile inayosema mtoto wa baba raia aliyewahi kuishi Marekani naye ni raia hata akizaliwa nje. Kwa hiyo ofisa hakuwa na haja ya kubishana na Mahakama ya Juu. Alichotakiwa kusema ni kimoja tu: wewe si mtoto wa huyu. Katiba haina jibu kwa hilo, kwa sababu ni suala la ushahidi, na aliyeupima ushahidi ni ofisa huyohuyo.

Ndipo unaona ukatili wa utaratibu ule. Baba anashinda kesi kubwa kuliko zote za uraia, halafu mwanawe anaangushwa kwa swali la nani jirani yenu.

#5 Wa-Likoni

Wakuu, hebu tuseme lisilotaka kusemwa. Huenda yule wa 1910 hakuwa mwanawe.

Tetemeko la Aprili 1906 lilipoipiga San Francisco, moto ukateketeza kumbukumbu za vizazi za mji. Wachina wengi wakaenda wakasema "mimi nimezaliwa hapa", nani angewakanusha? Ukishakuwa raia, kila ukienda kwenu na kurudi unaripoti kwamba mkeo amejifungua mtoto wa kiume. Watoto wakiwa wawili unasema wanne. Zile nafasi mbili zinauzwa kwa jirani, kwa mpwa, kwa mtu baki. Wanaitwa watoto wa karatasi, na walikuwa maelfu. Mtu anabeba jina la ukoo si lake mpaka kufa, na wajukuu wake wanalibeba vilevile.

Sasa mtu ana uraia uliothibitishwa na Mahakama ya Juu yenyewe. Hiyo nafasi ingekuwa na thamani gani sokoni? Nauliza tu.

#6 Wakili wa Sekei

Wa-Likoni, watoto wa karatasi ni kweli tupu. Ila tetemeko usiliingize kwenye nyumba ya Wong. Alishatambuliwa miaka minane kabla ya ule moto. Na hata kabla ya kesi, alipoondoka 1894 alibeba hati ya kiapo yenye picha, imesainiwa na Wazungu waliomfahamu. Ushahidi wa Mchina mwenzake ungetiliwa shaka, ndiyo maana ilibidi washahidi wawe Wazungu.

#7 Wa-Likoni

Tetemeko nimelitaja kuonyesha hali ilivyokuwa mjini, sijasema lilimsaidia yeye. Hoja yangu imebaki palepale: baba raia wa kweli anaweza kuwa na mwana wa karatasi.

#8 Mama Bahati, Dallas

Mimi naomba niseme, maana mnaongea juu ya majibu yasiyolingana kama kwamba ni dalili ya uongo.

Mimi ni mtu wa Uvira. Tulikaa kambi ya Nyarugusu mpaka zamu yetu ya kuhamishiwa Marekani ilipofika. Mahojiano tulifanyiwa mmoja mmoja, kila mtu chumba chake. Wakamuuliza mume wangu: mlipokimbia, mlivuka ziwa usiku au mchana? Akasema usiku. Mimi nikasema alfajiri. Wakamuuliza: mama mkwe wako alikuwa amevaa nini? Ni mwanaume gani anakumbuka hiyo, tena siku ya risasi? Wakaniuliza mdogo wangu amezaliwa mwaka gani. Nyumbani tunasema amezaliwa wakati wa mavuno ya mihogo, baada ya babu kufa. Karani akaandika tarehe 1 Januari. Leo kanisani kwetu Dallas nusu ya watu siku yao ya kuzaliwa ni hiyo 1 Januari.

Faili letu lilisimama muda mrefu sana kwa sababu ya usiku na alfajiri. Na mume wangu ni mume wangu, na wale watoto nimewazaa mimi.

Kwa hiyo huyo kijana wa Kichina, mimi naamini alikuwa mtoto wa baba yake. Baba ameishi San Francisco miaka yote, amemwona mtoto mara chache. Atajuaje jirani wa tatu ana kuku wangapi?

#9 Kasuku wa Kinondoni

Mama Bahati, mimi naishi na mke wangu nyumba moja na ukituhoji kuhusu tarehe ya harusi yetu tunafukuzwa nchi wote wawili.

#10 Bibi Tausi

Kasuku, hilo la tarehe ya harusi mkeo analijua. Asiyejua ni wewe 😂

#11 Msafiri Oakland

Wadau, niko hapa ng'ambo ya maji ya San Francisco. Angel Island, kisiwa cha ghubani walikohojiwa wahamiaji, nimefika zaidi ya mara moja, na nadhani tarehe ina maana kubwa kuliko mnavyoipa.

Kabla ya 1910 Wachina walikuwa wanafungiwa kwenye banda la kampuni ya meli pale gatini. Pabaya, panavuja, pachafu, lakini ni mjini. Ndugu anaweza kupita, ujumbe unaingia, ujumbe unatoka. Serikali ikaona hilo ni tatizo. Januari 1910 wakafungua kituo kisiwani, kusudi kubwa likiwa ni hilohilo: kumtenga anayehojiwa na watu wake. Baba yuko mjini, mwana yuko kisiwani, hawaonani mpaka shauri liishe.

Mahojiano yenyewe: maofisa wawili, mpiga chapa, mkalimani. Mkalimani anabadilishwa kati ya shahidi na shahidi ili asije akapanga mambo na upande mmoja. Maswali ni mamia. Nyumba yenu ni ya ngapi kutoka mwanzo wa safu? Mlango unatazama wapi? Pipa la mchele liko chumba gani? Ngazi zina vidato vingapi? Kisima kiko umbali gani? Babu wa upande wa mama alizikwa wapi? Halafu baba anaulizwa maswali yaleyale, kisha shahidi mwingine kama yupo.

Mtoto wa Wong aliingia mwaka uleule wa kwanza. Familia za Taishan zilikuwa hazijaujua mchezo. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wameshaujua. Kulikuwa na vijitabu vya maswali na majibu, na ramani ya kijiji imechorwa. Mtu anakariri safari nzima baharini na kijitabu anakitupa majini kabla ya kufika. Akikwama kisiwani, wafanyakazi wa jikoni, Wachina, siku yao ya mapumziko wanakwenda mjini na kurudi na vikaratasi. Vingine vilipitishwa ndani ya maganda ya njugu.

Kwa mtazamo wangu wadogo walipita kwa sababu walifundishwa. Na walifundishwa kwa sababu kaka yao aliangushwa.

#12 Wakili wa Sekei

Msafiri umechangia vizuri, ila ngoja niongeze ugumu. Kitabu hakimsaidii mtoto wa karatasi peke yake. Mtoto halali naye ilimbidi akariri, kwa sababu ukweli wake na ukweli wa baba vilikuwa vinatofautiana kwa namna ile aliyoisema Mama Bahati. Maana yake ni kwamba mahojiano yale hayakuwa na uwezo wa kutenganisha mkweli na mwongo. Yalitenganisha aliyejiandaa na asiyejiandaa. Kwa hiyo kupita kwa wale watatu hakuthibitishi damu, na kuanguka kwa mkubwa hakukanushi.

#13 Shangazi Rehema

Marahaba Wakili. Nimesoma yote na sijabadili msimamo. Hayo mahojiano waliwekewa akina nani? Je, mtoto wa raia Mwingereza aliyezaliwa London aliulizwa pipa la mchele liko wapi? Kama hakuulizwa, basi tumerudi kwenye neno langu la kwanza. Mnaeleza jinsi ubaguzi ulivyofanya kazi, halafu mnaniambia siyo ubaguzi.

#14 Baba Neema

Shangazi hapo umenishika. Lakini swali langu liko palepale: ubaguzi ulikuwepo 1910 na 1924. Kilichobadilika ni nini?

Niongeze jambo ambalo sikuliweka mwanzo. Hukumu ya 1898 haikumpa Wong mwenyewe amani. Mwaka 1901, miaka mitatu tu baada ya ushindi, alikamatwa El Paso, Texas, akidaiwa kuwa Mchina aliyeko nchini kinyume cha sheria. Mtu ambaye jina lake limo kwenye vitabu vya Mahakama ya Juu! Ilichukua miezi mpaka akaachiwa. Na kila alipotaka kwenda China ilimpasa ajaze fomu maalumu, ahojiwe, ndipo apewe kibali cha kurudi. Hata 1931, alipoondoka mara ya mwisho akiwa mtu mzima wa makamo ya kustaafu, alijaza fomu inayomwita mtu anayedai kuwa raia.

Kwa hiyo nimewahi kufikiri: huenda 1910 kulikuwa na kinyongo. Jina lake lilijulikana. Hakuna ofisa aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza yeye, lakini kijana walikuwa naye mkononi.

#15 Mpemba wa Muscat

Baba Neema, hoja ya kinyongo ingesimama kama wale watatu nao wangesumbuliwa. Mbona kinyongo kilikwisha 1924? Mimi naona fedha.

Mwaka 1917 serikali yao yenyewe ilifanya uchunguzi mkubwa Angel Island na kukuta mtandao wa rushwa: maofisa, makarani, wakalimani, mafaili yanaibwa, picha zinabadilishwa, kurasa zinachomolewa. Watu wakafukuzwa kazi na wengine wakashtakiwa. Kama mwaka 1910 mlango ulikuwa unafunguliwa kwa bahasha, basi mpishi mnyoofu anayejiona ameshashinda mahakamani hakuona sababu ya kutoa bahasha. Akaangushwa kwa kutotoa. Baada ya 1917 pamesafishwa kidogo, wanawe wakapita kwa haki yao.

#16 Wa-Likoni

Au baada ya 1917 baba akajifunza kutoa 😂 Mpemba hoja yako ina makali pande zote mbili, angalia isikukate.

#17 Mpemba wa Muscat

Kama angejifunza kutoa, asingengoja mpaka 1924. Miaka kumi na nne ni mingi kwa mtu mwenye bahasha mfukoni.

#18 Bibi Tausi

Wanangu, nasoma tangu asubuhi. Baba, mwana, kaka, ofisa, jaji. Mama yao yuko wapi? Huyu mwanamke aliyezaa wana wanne, mbona hakuna anayemuuliza? Yeye ndiye anayejua nani mtoto wa nani.

#19 Wakili wa Sekei

Shikamoo Bibi. Mama alibaki kijijini. Wanawake wa Kichina walibanwa tangu 1875 kwa sheria ya kwanza kabisa ya kuwazuia. Mwaka 1924 ikaja sheria ya kukataza kuingia kwa mtu yeyote asiyeweza kupata uraia, yaani karibu Waasia wote, na 1925 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba hata mke wa raia, akiwa Mchina, haingii. Wana wake waliruhusiwa kwa kuwa sheria iliwahesabu raia kupitia baba. Mama yao hakuwa na mlango. Familia nyingi za Taishan ziliishi hivyo: mume anakuja kila baada ya miaka kadhaa, anakaa kidogo, anaondoka, mtoto anazaliwa baba akiwa baharini.

Na hapo, Baba Neema, kuna sababu nyingine ya swali lako. Angalia tarehe: 1924 hadi 1926. Sheria ile iliwatia watu hofu kwamba kesho na watoto nao watafungiwa. Naona kama Wong aliharakisha kuwaleta waliobaki, akijiandaa kwa nguvu zake zote, mashahidi wamepangwa, majibu yameandaliwa. Yule wa 1910 alikuja kabla hofu hiyo haijawapata.

#20 Bibi Tausi

Kwa hiyo aliwatoa wote watatu, mmoja baada ya mwingine, akabaki peke yake na yule wa kwanza. Maskini.

#21 Mlamu

Assalaam aleikum. Naingia na la pembeni, mniwie radhi. Kwetu kisiwani Pate, upande wa Siyu na Shanga, wako watu ambao tangu mababu wanasema wao asili yao ni mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na meli zama za Zheng He, jemadari wa meli za China, miaka ya 1400. Mwaka 2005 binti mmoja wa Siyu akachukuliwa kwenda kusoma China kwa madai hayo. Hakuna karatasi. Ni maneno ya wazee na vyombo vya kaure tu, na serikali ya China ikafungua mlango. Hawa wa Taishan wana karatasi, wana baba yu hai amesimama mbele ya ofisa, na mlango ukafungwa. Nasema tu jinsi mambo yanavyokwenda.

#22 Kasuku wa Kinondoni

Mlamu basi na mimi natafuta asili yangu, nina mjomba ana macho madogo Mafia.

#23 Wakili wa Sekei

Kasuku rudi kwenye siti yako. Mlamu, hiyo ya Siyu ina mjadala mrefu miongoni mwa wanahistoria, inastahili uzi wake. Fungua, nitakuja.

#24 Mkaazi wa Eastleigh

Sasa niwaletee ya karibu. Mwaka 2008 Marekani ilijaribu DNA hapa Nairobi kwa familia zilizokuwa zinaomba kuungana na ndugu zao wakimbizi waliotangulia, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mpango mzima ukasimamishwa mwaka huohuo, ukarudi 2012 na masharti ya DNA. Magazeti yakaandika "udanganyifu". Mtaani kwetu tuliona kitu kingine. Kaka yako kauawa Mogadishu, umechukua wanawe watano, wamekulia mkononi mwako, wanakuita baba. Fomu inauliza: una watoto wangapi? Utasema nini? Ukisema wawili wa damu, hao watano unawaacha na nani?

Walikuwapo waliouza nafasi pia, siwezi kukataa. Nilimjua mtu aliyelipa ili aingizwe kwenye familia ya watu. Lakini kwenye karatasi za ofisi wote, mwuza nafasi na mlea yatima, waliandikwa kundi moja.

#25 Mama Bahati, Dallas

Mkaazi, Mungu akubariki. Mimi nilikuja na watoto sita na mmoja wao ni wa marehemu dada yangu. Nilimwandika wangu. Sina la kuomba msamaha.

#26 Wa-Likoni

Dada Mama Bahati, pole sana, na hakuna anayekulaumu hapa. Lakini umenipa hoja. Kule Taishan nako kulea mtoto wa ndugu au kununua mtoto wa kurithi jina kulikuwa jambo la kawaida. Mke aliyebaki bila mtoto wa kiume, mume yuko ng'ambo, anatafutiwa mwana wa kushika matambiko. Huyo ni mwana halali kijijini, na mbele ya ofisa wa Marekani si mwana. Basi yule wa 1910 huenda hakuwa wa damu wala wa kununuliwa sokoni. Huenda alikuwa hapo katikati.

#27 Baba Neema

Wa-Likoni hii ya kati sikuiwaza. Ingeeleza kwa nini baba alimtetea kwa dhati na bado majibu yakapishana: mtoto anajibu kwa kufuata alikozaliwa, baba anajibu kwa kufuata alikolelewa. Lakini ingeeleza vilevile kama angekuwa wa damu na akalelewa kwa bibi.

#28 Mwalimu Jestina

Habari za jioni. Swali dogo: hao watatu waliopita waliishia wapi? Maana uzi unasema vizazi.

#29 Msafiri Oakland

Mwalimu, wa mwisho alipita Angel Island akiwa mtoto, hata miaka kumi na miwili hajafika. Vita ya Pili ilipokuja akaandikishwa jeshini kama kijana yeyote raia, akatumikia, kisha akafanya kazi kwenye meli za biashara za Marekani maisha yake. Kisheria ulikuwa uraia uleule ambao kaka yake alinyimwa. Baba yao hakuwepo. Baada ya 1931 hakurudi tena.

Sheria ya 1882 ikafutwa 1943, Marekani ilipoihitaji China vitani, lakini kwa nafasi 105 tu kwa mwaka kwa Wachina wote wa dunia. Mlango hasa ulifunguka 1965.

Na baadhi ya wajukuu na vitukuu wamesimulia kwenye magazeti kwamba hawakukua wakiambiwa habari za kesi ile. Waliijua wakiwa watu wazima. Mmoja wa vitukuu alijitokeza hadharani 2025 kuitetea hukumu ya babu wa baba yake, baada ya ile amri ya Rais Trump ya Januari ya kuubana uraia wa kuzaliwa, ambayo mahakama za chini ziliizuia.

#30 Shangazi Rehema

Wanafichaje jambo kubwa la fahari namna hiyo? Mimi ningelitundika ukutani.

#31 Mpemba wa Muscat

Shangazi, watu waliozoea kuhojiwa hawasimulii. Kati ya 1956 na 1965 serikali iliwaalika Wachina waungame kama wana majina ya karatasi. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya 13,000. Kila anayeungama anawataja na wengine, kaka wa karatasi, baba wa karatasi, na nafasi zaidi ya 11,000 zikafungwa. Familia zikagombana mpaka leo hazijapatana. Katika hali hiyo mzee atamwambia mjukuu nini kuhusu uhamiaji? Hata mwenye haki alinyamaza, kwa sababu akifungua mdomo faili la binamu linafunguka.

Huku Muscat naona hayohayo kwa wazee wetu waliotoka Unguja baada ya 1964. Muulize mzee jina lilikuwaje kwenye pasi ya kwanza, ataagiza chai.

#32 Mwalimu Jestina

Asante Msafiri, asante Mpemba. Nilimfundisha kijana aliyehamia Seattle, akaniandikia kuhusu Gary Locke. Babu yake alitoka Guangdong, akafanya kazi ya utumishi wa ndani Olympia huku akijifunza Kiingereza. Mjukuu akawa gavana wa jimbo la Washington mwaka 1997, akaishi katika nyumba ya gavana iliyo kama maili moja kutoka nyumba ile aliyotumikia babu. Baadaye akatumwa kuwa balozi wa Marekani Beijing. Nawaza kama babu angehojiwa vibaya siku ile...

#33 Wa-Likoni

Mwalimu, na yule kijana wa 1910 angeweza kuzaa nani? Hilo ndilo lanikera.

#34 Wakili wa Sekei

Tunaweza kubashiri mpaka kesho. Mafaili ya Wachina wa enzi ile yako kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, tawi la San Bruno, kusini kidogo ya San Francisco. Maswali na majibu yamepigwa chapa neno kwa neno. Msafiri, hapo kwako si mbali.

#35 Msafiri Oakland

Si mbali, treni inafika. Nitaomba nafasi ya chumba cha kusomea. Niambieni nitazame nini hasa, maana mafaili yale ni manene.

#36 Baba Neema

Mkuu, tazama majibu gani yalipishana. Kama ni kuhusu majirani na kisima, nitaegemea kwa Mama Bahati. Kama ni kuhusu mama au siku ya kuzaliwa, Wa-Likoni atakuwa na la kusema. Na tazama kama walikata rufaa Washington au waliachia hapo.

#37 Bibi Tausi

Na uangalie kama kuna mahali wamemtaja mama kwa jina lake.

#38 Mama Bahati, Dallas

Angalia pia ni nani alikuwa mkalimani, na kama alibadilishwa katikati. Kwetu alibadilishwa, wa pili alikuwa anasema Kiswahili cha pwani na mama yangu hakumwelewa.

#39 Wa-Likoni

Cha pwani kina ubaya gani jamani 😂

#40 Msafiri Oakland

Nimeandika yote matatu. Uzi usifungwe.